Barthélemy Kisimba, Mpima Umeme wa Kashikishi (1981–2025)

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wakubwa wa serikali mliofika, wenzake wa kazi mliosafiri kutoka Lusaka, majirani wa Kashikishi na ndugu zetu wa Mantapala, familia ya Kisimba inawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kukaa nasi msibani tangu Jumatano, na imenituma mimi, Reine Kisimba, mdogo wake marehemu, niwasomee safari ya maisha yake kabla hatujampeleka makaburini.

Karatasi hii ninayoshika iliandikwa jana mchana na baba yetu mdogo Lévi, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, na familia ilikubaliana nayo, lakini ndani yake kuna mahali, kwenye mwaka huu wa 2025, pameandikwa kwamba marehemu "alipata shida kidogo", nami nimeamka leo nikaona siwezi kupasoma hivyo mbele ya jeneza lake, kwa kuwa wote mnajua alifungwa, na wengi wenu mmekuja kumzika mtu mnayemwita mwizi wa samaki. Baba mdogo, naomba usinikatize. Nitasoma yote uliyoandika, na nikifika penye shida kidogo nitasema ilikuwa shida gani.

Marehemu Barthélemy Kisimba alizaliwa tarehe 12 Machi 1981 huko Pweto, upande wa Congo, akiwa mtoto wa pili wa marehemu baba yetu Augustin Kisimba, fundi wa injini za mashua, na marehemu mama yetu Antoinette Ngoie, katika watoto wanne, ambao kuanzia wiki hii nimebaki mimi peke yangu. Mama alikuwa akitusimulia kwamba Barthélemy, akiwa na miaka minane, aliandika kwa makaa kwenye ukuta wa sebule siku ambazo kila aina ya betri ilidumu katika redio ya baba, akachapwa kwa kuchafua ukuta, na wiki iliyofuata mama huyo huyo akaenda sokoni kununua betri zile zilizoshinda ukutani.

Alisoma shule ya msingi palepale Pweto kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha akapelekwa Lubumbashi kwa shangazi yetu, akaingia shule ya ufundi katika tawi la umeme, na mwezi Julai mwaka 2000 akapata Diplome d'État, cheti cha kumaliza sekondari, kwa asilimia sitini na nane, hesabu ambayo hakuacha kuitaja hata kwa watu waliokuja kumuuliza njia. Alirudi Pweto, na kuanzia mwaka 2001 hadi 2017 alikuwa fundi wa umeme katika chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, na huko ndiko alikojifunza, kama alivyosema mwenyewe, kwamba umeme unapotea kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na mwenye ndoo ndiye wa mwisho kujua.

Tarehe 19 Agosti 2006 alifunga ndoa na wifi yangu Florentine, aliyekaa hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto watatu, Fidélie aliyezaliwa mwaka 2008, Chouchou aliyezaliwa mwaka 2012, na Royd, aliyezaliwa upande huu wa mpaka mwaka 2019 na kupewa jina la jirani yetu Ba Royd, kwa sababu Ba Royd alitupokea tukiwa hatuna hata sufuria. Wifi Florentine anajua kuolewa na mtu wa namna ile kulikuwaje, maana alifunga kompteri, yaani mita ya umeme, kwenye pasi yake, kwenye jiko lake, hata kwenye redio, kisha akamtangazia mbele ya wakwe kwamba chai ya wageni ndiyo inayokula umeme kuliko vyote ndani ya nyumba. Wakwe hawakucheka siku ile.

Mwezi Septemba 2017 vita vya kule nyumbani vilitutoa, tukavuka mpaka tukaingia upande huu, Chienge, kwa miguu, tukaandikishwa, na mwezi Januari 2018 tukapelekwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, ambako marehemu alilima mihogo kama sisi wote, kwa mikono iliyozoea bisibisi, na sitadanganya mbele ya watu kwamba mihogo yake ilikuwa mizuri.

Mwezi Machi 2020 aliajiriwa na mradi mmoja wa kutoka Lusaka, ambao kazi yake ilikuwa kujaribu vyombo vipya vinavyotumia umeme kidogo, kuona kama vinafanya kweli yale yaliyoandikwa kwenye boksi, kabla watu hawajauziwa. Bwana Chikondi, mkubwa wake, yuko hapa, naye atanisahihisha nikikosea. Kwanza alipelekwa kituo cha afya cha Kafutuma, kujaribu taa na friji ya chanjo yenye kuta nene, ile inayotunza baridi hata umeme ukikatika siku nzima, akakaa pale miezi kumi na minne akiandika kila saa, na Sista Febby, muuguzi wa pale, alimchoka kabisa kwa sababu aliandika pia ni mara ngapi sista amefungua mlango wa friji. Friji ilishinda, taa zikashindwa, maana boksi lilisema wati tisa na kompteri yake ikasema kumi na nne, na aliyezileta alikuja na gari lake kumwomba aangalie tena vizuri, akaangalia tena vizuri, zikawa kumi na nne.

Mwaka 2022 alirudi Mantapala kujaribu pampu ya injini ndogo ya kumwagilia bustani, na mwezi Juni 2023 akahamishiwa hapa Kashikishi, sokoni, na akina mama wa samaki wakampa jina la Ba Mita, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko jina la baba yake. Mwaka huo huo kanisa letu likamchagua kuwa mzee, na alipohesabu sadaka hakuna aliyeomba zihesabiwe mara ya pili.

Sasa nafika kwenye mashine ya samaki, na naomba mnisikilize vizuri, kwa maana kuanzia hapa karatasi ya baba mdogo haisemi tena.

Mnaijua mashine ile, ile kama kabati kubwa la bati, inayovuta unyevu ndani ya hewa na kurudisha joto lake yenyewe badala ya kulitupa nje, samaki wakakauka bila kuni, bila moshi, bila jua, na mradi ulitaka kujua kama kweli inatumia theluthi moja ya umeme unaoliwa na zile za zamani za waya wa moto. Ikifaulu, soko la Kashikishi lingepata mashine sita za akina mama, na ikishindwa, hata hiyo moja ingerudishwa Lusaka. Sharti lilikuwa mizigo thelathini iliyojaa, kilo sitini kila mzigo, tena katika miezi yenye unyevu mwingi, Desemba hadi Februari, na mtu aliyepanga kalenda ile mezani kwake alikuwa ameangalia mvua tu, hakujua, au alisahau, kwamba kuanzia tarehe mosi Desemba hadi mwisho wa Februari ziwa letu linafungwa ili samaki wazae, na mtu akikutwa na samaki wabichi wa ziwani anapelekwa mahakamani.

Marehemu aliandika Lusaka mara mbili kueleza jambo hilo, akaletewa samaki wa bwawani, wa halali, kilo kumi na tano, na mashine ile isipojaa inakula umeme bure, kwa hiyo kila siku kompteri ilimwonyesha matokeo mabaya ambayo alijua si ya kweli, na alirudi nyumbani amenuna, akihesabu siku zilizobaki.

Tarehe 11 Januari 2025, siku ya Jumamosi, mvua ikiwa imenyesha siku ya tatu mfululizo, mwanamke mmoja alifika kwenye kibanda chake na beseni tatu za samaki walionunuliwa kwenye mashua iliyotoka ng'ambo. Samaki walikuwa wameanza kulegea, jua hakuna, na kuwasha moto wa kukaushia hakuwezekani, kwa kuwa wakati wa kufungwa kwa ziwa moshi ndio unaokushtaki, bwana wa uvuvi akiuona kwa mbali anajua wapi pa kwenda. Mashine ya marehemu haikuwa na moshi. Mwanamke yule alilia, akamkumbusha mambo mengi ya zamani, na marehemu akafungua mlango wa mashine na kumwambia neno moja tu.

"Kama inaingia, itaandikwa."

Akaandika, kama alivyoandika vyote maishani mwake, tarehe, kompteri kabla, kompteri baada, kilo za samaki wabichi, kilo za wakavu, na upande wa kulia kabisa jina la mwenye samaki. Sisemi kwamba kaka yangu hakuwa na kosa. Mlango aliufungua yeye, na baada ya mzigo ule wa kwanza walikuja wanawake wengine watatu, karibu kila siku, tena siku nyingine mizigo miwili, naye aliwapokea, kwa kuwahurumia, na pia, lazima niseme, kwa kuwa alitaka mashine yake ishibe na hesabu yake itimie. Walikuwa wanawake wanne kwa jumla, na wote wanne wako hapa leo.

Kilichowafichua ni uzuri wa samaki wenyewe. Wanawake wale waliwapeleka sokoni wakiwa weupe, wasafi, bila rangi ya moshi hata kidogo, na hakuna mmoja wao aliyefikiri kwamba pwani nzima ya ziwa hili, kutoka Chienge mpaka Nchelenge, mahali pa kupata samaki wakavu wasionuka moshi ni mahali pamoja tu.

Siku ya Jumanne, tarehe 4 Februari, bwana wa uvuvi alituma ujumbe kwa mwenyekiti wa soko kwamba Alhamisi watakuja na polisi kukichukua kile kitabu cha Ba Mita, na kila jina litakalokutwa ndani litaitwa mahakamani. Nataka muelewe zile siku mbili. Siku ya Jumatano mchana wanawake wanne walikwenda kwenye kibanda, wakafunga mlango, wakamwomba akichome kitabu kizima, na mmoja wao akasema kwamba ana watoto watano na hana mume, na mwingine akasema kwamba yeye ni mkimbizi, akifungwa atarudishwa vitani. Wakiwa bado wamesimama pale, simu ikalia, ni bwana Chikondi kutoka Lusaka, asiyejua lolote, akimwambia kwamba mizigo imefika ishirini na tisa, na namba hata moja isipotee, maana bila kitabu chenyewe majaribio yote ni bure na mashine sita hazitakuja.

Akichoma, soko linakosa mashine, na kazi ya mwaka mzima inakufa. Akikitoa, wanawake wanne wanakwenda jela. Marehemu alikata simu, akawaambia wanawake waende nyumbani, nao wakaondoka bila kujua ameamua nini.

Alhamisi tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi, walifika mabwana wawili wa uvuvi na polisi mmoja, na Ba Royd alikuwa pale na anaweza kushuhudia. Ndani ya mashine kulikuwa na mzigo wa thelathini, samaki wa mwisho walioachwa na wanawake wale, kilo sitini, unaendelea kukauka. Marehemu aliwaomba wasubiri asome kompteri kwa mara ya mwisho, wakasubiri, akaandika, kisha akawapa kitabu. Hakukosekana karatasi hata moja, namba zote zilikuwepo, ila alikuwa amepita na wembe na rula ukurasa kwa ukurasa, akaikata ile sehemu ya kulia yenye majina, juu mpaka chini, akaitia kwenye mbabula, jiko la makaa alilokuwa akichemshia maji. Bwana wa uvuvi akauliza samaki hawa ni wa nani, na marehemu akajibu kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, ingawa Kibemba alikijua vizuri.

"Samaki yote iko yangu. Hakuna mutu mungine."

Sina ugomvi na mabwana wa uvuvi, nawaona wawili pale nyuma, walifanya kazi yao, na ziwa lisipofungwa watoto wetu watakuta maji matupu. Tarehe 12 Februari mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi minne. Jumapili ya tarehe 23 Februari kanisa letu lilikaa kumjadili wakati yeye yuko jela, likauliza nani anakubali aondolewe katika uzee wa kanisa, na mikono ikainuliwa, na Fidélie mtoto wake alikuwa amekaa benchi ya tatu akiihesabu. Shuleni Chouchou aliitwa mtoto wa mwizi mpaka akakataa kwenda. Wifi Florentine alimuuliza mumewe, kila alipomtembelea, ni nani hao anaowaficha, naye hakumjibu, na jambo hilo liliwaumiza wote wawili kuliko jela.

Bwana Chikondi alikuja mwezi Mei kuonana naye, akamuuliza kwa nini kitabu kimekatwa, na marehemu akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu afungwe.

"Majina haikulake umeme," yaani majina hayakula umeme.

Alitoka tarehe 11 Juni 2025 akiwa anakohoa, akapimwa, akakutwa na kifua kikuu, akaanza dawa na kuzinywa kwa saa yake bila kukosa, akiandika kila kidonge, lakini mwili ulikuwa umechoka. Mwezi Agosti mradi, baada ya kurudishiwa kitabu na mahakama, ulikubali matokeo yake, na mashine ilitumia chini ya theluthi ya umeme wa zile za zamani, na tarehe 6 Oktoba mashine sita ziliingia sokoni kwetu. Aliomba apelekwe kuziona, tukampeleka kwa baiskeli, nami nilikuwa nimeshika usukani, na wanawake waliokuwa wakipanga samaki ndani ya mashine zile waligeuza nyuso wasimsalimu. Aliwatazama akasema tu kwamba mlango wa ile ya nne haufungi vizuri, waambieni wabadilishe mpira. Tarehe 3 Novemba alilazwa hospitali ya misioni, na Jumatano tarehe 19 Novemba 2025, saa tisa alasiri, akafariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Wanawake wanne niliowataja, watatu mmekaa, nami sitawataja majina, kwa sababu yeye hakuwataja. Wa nne amesimama mbele yenu na karatasi mkononi. Beseni tatu za tarehe 11 Januari zilikuwa zangu. Mimi, mdogo wake, ndiye niliyemlilia, nikamkumbusha kwamba alipokuwa Lubumbashi nilibaki nikimuuguza mama, na mimi ndiye niliyesema pale kibandani kwamba nitarudishwa vitani. Na ile Jumapili kanisani, mchungaji alipouliza nani anakubali aondolewe, niliinua mkono, kwa kuogopa kwamba nisipouinua watu wataniuliza sababu. Nilikwenda jela kumwomba msamaha, nikaishia kumwachia unga na sabuni, naye akanishukuru kwa ule unga. Miezi tisa nimekula, nimeuza samaki, nimeimba kwaya, na kaka yangu amekufa akiitwa mwizi kwa samaki wangu, na kwa kweli nina aibu, nina aibu kubwa mbele yako wifi Florentine, na mbele yako Fidélie, na sijui kama mtaniruhusu kuingia tena nyumbani kwenu.

Mchungaji, sina haki ya kuomba chochote, lakini mlipanga azikwe bila kwaya na bila wazee kubeba jeneza. Mmesikia. Muamue wenyewe kabla hatujanyanyuka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya misioni waliomhangaikia siku kumi na sita, Sista Febby aliyekuja kutoka Kafutuma kila Jumapili ingawa alikuwa amechokana naye, Ba Royd na majirani wote waliotupa kuni, maji na mahali pa kulala wageni, bwana Chikondi na wenzake wa kazi waliolinda namba zake kama alivyozilinda yeye, na ninyi nyote mliokuja, hata mliokuja mkimdhania vibaya, kwa kuwa mlikuja.

Yaya Barthélemy, kaka yangu, pumzika kwa amani. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakwenda ofisi ya uvuvi, bila kuitwa, niwaambie samaki walikuwa wa nani.